Nani huamua kiwango cha malipo ya bima ya afya?

Mkulima wa ndizi au majani chai wa Kiogoro, eneobunge la Nyaribari Chache katika kaunti ya Kisii, hana hati ya mshahara. Malipo ya bima ya afya yanapopandishwa, huyatoa mfukoni mwake mwenyewe. Kwa hivyo swali la nani aliye na uwezo wa kuyaongeza, na nani awezaye kumzuia, lamhusu pengine kuliko karani wa mjini.

Kampuni za bima za kibinafsi husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), iliyoanza kazi 2007. Kabla ya hapo jukumu hilo lilikuwa la Kamishna wa Bima katika Wizara ya Fedha. Kampuni hupaswa kuwasilisha viwango vyake kwa mdhibiti huyo.

Bima ya umma ilifuata njia nyingine. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyoundwa 1966, ilitoza viwango vilivyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Vile vya 1990, kati ya Sh30 na Sh320 kwa mwezi, vilidumu robo karne. Serikali ilipotangaza vipya mnamo 2010, kuanzia Sh150 hadi Sh2,000, Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi (Cotu) ulikwenda mahakamani na kuvisimamisha.

Nyongeza ilianza Aprili 2015. Aliyepata mshahara wa Sh100,000 au zaidi alikatwa Sh1,700, na asiye na mwajiri akapandishwa kutoka Sh160 hadi Sh500 kwa mwezi. Haikuwa hasara tupu, kwani matibabu ya wagonjwa wasiolazwa yaliongezwa wakati huo.

Mkondo ulibadilika Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF. Mahakama Kuu ilikuwa imetangaza Julai kuwa sheria za mpango huo zinakiuka Katiba, lakini Mahakama ya Rufaa ikausitisha uamuzi huo Septemba.

Mwajiriwa sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila upeo. Wa Sh20,000, aliyelipa NHIF Sh750, hulipa Sh550. Wa Sh100,000 hulipa Sh2,750. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba nyongeza ya aina hii haihitaji tangazo lolote. Mshahara ukipanda, makato hupanda nao, wala hakuna wa kwenda kortini kuyapinga.

Kuibadilisha asilimia yenyewe ni shughuli nyingine. Imo katika kanuni za 2024, na Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 yataka kanuni mpya ziwasilishwe Bungeni katika siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Wabunge wana uwezo wa kuzifuta.

Kwa mkulima, kiwango hutokana na maswali kuhusu nyumba na mali yake. Hapungukiwi na Sh300 kwa mwezi, na kanuni zamtaka alipe ya mwaka mzima kwa pamoja: Sh3,600, hata kama ndizi hazijapata mnunuzi. Akiona makadirio yamezidi uwezo wake, hatetewi na Cotu, kwa kuwa yeye si mwanachama wa chama chochote cha wafanyakazi.