Kupanda Si Kazi, Kazi Kushuka

Asubuhi ya Aprili 12, 1961, mama mmoja wa kijijini na mjukuu wake walikuwa shambani katika mkoa wa Saratov, karibu na mto Volga nchini Urusi, walipomwona mtu aliyevaa vazi la rangi ya chungwa na kofia ngumu nyeupe akija upande wao. Wakaanza kurudi kinyumenyume. Inasimuliwa kwamba yule mtu aliwapazia sauti wasiogope, kwani naye ni Msovieti kama wao, ila anatafuta simu apige Moscow. Alikuwa Yuri Gagarin, rubani wa jeshi mwenye umri wa miaka 27. Hazikuwa zimetimia saa mbili tangu roketi imwinue kutoka Baikonur, Kazakhstan, na katika muda huo alikuwa ameizunguka dunia nzima.

Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya roketi ikipaa. Lakini Gagarin alikaribia kufa wakati wa kushuka. Chombo chake, Vostok, kilikuwa na sehemu mbili: tufe alimokaa yeye, na sehemu ya mitambo nyuma yake. Baada ya injini kupunguza mwendo, sehemu hizo zilitakiwa ziachane. Baadhi ya nyaya zikagoma kuachia, vyote viwili vikawa vinapinduka ovyo vikielekea kwenye hewa nzito, mpaka joto lilipoziunguza nyaya zenyewe takribani dakika kumi baadaye. Hata hapo safari haikuwa imekwisha. Tufe lile lingetua kwa kishindo cha kumvunja mtu, kwa hiyo kwenye kimo cha kilomita 7 kiti kilimrusha nje akashuka kwa mwavuli wake peke yake. Wasovieti walilificha hilo kwa miaka, kwa sababu kanuni za kimataifa za rekodi za urukaji zilimtaka rubani atue pamoja na chombo chake.

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga, na historia yote ya binadamu angani ni ufafanuzi wa methali hiyo.

Hapa yafaa kuondoa jambo moja linalowachanganya wengi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu, pungufu ya mwendo wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mvutano wa dunia kule bado ni kama asilimia 90 ya huu tulio nao hapa chini. Wanaanga hawaelei kwa kuwa mvutano umekwisha. Wanaelea kwa kuwa wanaanguka mfululizo, wao na chombo chao, huku wakienda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba kila wanavyoanguka, dunia nayo inajikunja chini yao. Kasi hiyo ni kama kilomita 28,000 kwa saa, na ndiyo inayowafanya waizunguke dunia mara 16 kwa siku.

Sasa mtu anayekwenda hivyo atarudi vipi? Anakigeuza chombo kitangulize mgongo, anawasha injini kwa muda mfupi, na kupunguza kasi kidogo tu, isiyofika hata sehemu moja ya hamsini. Njia inapinda na kugusa hewa, na kazi yote iliyobaki inafanywa na hewa. Inabanwa mbele ya chombo mpaka inawaka kwa maelfu ya nyuzi za joto. Ngao iliyo chini ya chombo imetengenezwa iungue kidogo kidogo na kuondoka na joto hilo. Ukiingia kwa mteremko mkali, uzito wa mwendo unakuponda kitini. Ukiingia kwa mteremko mdogo mno, hasa ukitoka mwezini, waweza kuruka nje tena. Hakuna wa kukuvuta wala kukusaidia, na kwa dakika kadhaa moto huo unakata hata redio.

Roketi zenyewe hazikubuniwa kwa ajili ya watu. R-7 iliyombeba Gagarin ilikuwa kazi ya Sergei Korolev, naye aliibuni iwe kombora la kufikisha bomu la nyuklia Marekani. Jina lake lilikuwa siri ya dola. Warusi wenyewe walimjua tu kama Mbunifu Mkuu mpaka alipokufa Januari 1966. Atlas ya Marekani nayo ilikuwa kombora lililotazama upande wa pili. Jambo hilo tulishike, kwani lina maana yake Unguja.

Wamarekani walianza kwa kusuasua. Mei 5, 1961 walimrusha Alan Shepard juu na kumshusha baharini baada ya dakika 15, bila kuizunguka dunia. Siku 20 baadaye Rais Kennedy akalitangazia bunge lake kwamba kabla muongo haujaisha Mmarekani atatua mwezini na kurudishwa salama duniani. Wengi wanalikumbuka neno mwezi. Nusu ya ahadi ilikuwa kurudi.

Kumzungusha mtu duniani kulihitaji kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha: masikio. Mawimbi ya redio waliyotumia kuzungumza na chombo hayapindi kufuata mgongo wa dunia. Chombo kikiwa kwenye kimo cha kilomita mia mbili na kitu, kituo kimoja kinakipata kwa dakika chache, halafu kinazama upande wa pili. Kwa hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, ilipanga vituo 18 kuzunguka dunia, viwili vikiwa ndani ya meli. Kutoka Florida, njia ilipita Bermuda na visiwa vya Canary, ikakata bara la Afrika na kuvuka Bahari ya Hindi hadi Australia. Barani mwetu vilichaguliwa Kano, kaskazini mwa Naijeria, na Tunguu, Unguja.

Februari 20, 1962 ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mmarekani John Glenn alipaa kwa roketi ya Atlas kutoka Cape Canaveral ikiwa saa kumi na moja na dakika 47 jioni kwa saa ya Afrika Mashariki. Baada ya nusu saa hivi, wakati Unguja futari iko motoni na adhana ya magharibi haijalia, kapsuli yake iitwayo Friendship 7 ilikuwa inapita upande huu. Kule Kano alikuwa amekwisha eleza dhoruba za vumbi alizoziona Sahara. Muda mfupi baada ya Zanzibar, akiwa juu ya bahari, akaliona jua likizama.

Katika kila kituo cha namna ile kulikuwa na mzungumzaji na daktari. Usishangae daktari. Wakati ule kulikuwa na wataalamu waliohofia kwamba mtu asiye na uzito hataweza kumeza, au macho yake yatabadilika umbo asione vizuri. Glenn alibandikiwa kibao kidogo cha herufi mbele yake, kama kile cha kliniki ya macho, akawa anakisoma kila baada ya muda. Alikuwa na kamba ya mpira ya kuvuta ili waone moyo wake unavyopokea kazi. Mapigo ya moyo na pumzi vilichorwa kwenye karatasi ndefu huku chini wakati yeye anapita juu. Joto la mwili lilipimwa kwa kipimajoto kilichowekwa mahali ambapo magazeti ya enzi hizo yalikwepa kupataja.

Kisha ikaja taarifa mbaya. Kwenye mzunguko wa pili, ishara moja iliyopokewa huko Florida ilionyesha kwamba ngao ya joto ya Glenn imelegea. Kama ni kweli, angeungua akiwa hai. Vituo vikaambiwa vimuulize kuhusu swichi fulani bila kumweleza sababu, jambo ambalo baadaye hakulifurahia hata kidogo. Uamuzi ukawa asiuangushe mzigo wa roketi ndogo za kupunguza mwendo uliofungwa juu ya ngao, ili mikanda yake iishikilie. Wakati wa kushuka vipande vya mzigo ule vilikatika vikiwaka na kupita mbele ya dirisha, naye hakujua kama ni mikanda au ni ngao yenyewe. Akatua Atlantiki mzima, saa tano kasoro dakika tano tangu aruke. Uchunguzi ukaonyesha ngao ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kilichoharibika ni swichi ya kutoa taarifa.

Turudi Tunguu, kwa sababu siasa za kituo kile nazo ni historia ya anga. Tangu mwaka 1960 chama cha Hizbu, yaani ZNP, kilikipinga kikisema Waingereza wamewapa Wamarekani nafasi ya kuleta makombora visiwani. Wamarekani walisema ni redio na antena tu, na walisema kweli. Vitabu vingi vya kigeni vinalitaja pingamizi lile kwa tabasamu, kana kwamba ni ushamba. Mimi silioni hivyo. Mtu akikujengea mtambo wa kufuatilia roketi ambayo jina lake ni lilelile la kombora la nyuklia, una haki ya kuuliza maswali. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Wamarekani wakaondolewa kwa meli ya kivita, na serikali ya Karume ikadai kituo kiondoke. Kikafungwa mwaka huohuo. Kazi ya upande huu wa bahari ikaenda Madagascar, nako mwaka 1975 serikali mpya ikawafungia.

Ya mwezini yameandikwa sana, nami sitayarefusha. Julai 20, 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua, Michael Collins akabaki anazunguka juu. Oktoba mwaka huo watatu hao walifika Kinshasa katika ziara yao ya dunia. Hadi Desemba 1972 watu 12 walikuwa wamekanyaga mwezini, na wote 12 walirudi.

Waliokufa walikufa karibu na nyumbani. Januari 1967 wanaanga watatu wa Apollo, mradi wa kwenda mwezini, waliungua ndani ya kapsuli ikiwa bado juu ya jukwaa lake, wakifanya mazoezi, kwenye oksijeni tupu na mlango uliofungukia ndani. Aprili mwaka huo Msovieti Vladimir Komarov alirudi na chombo cha Soyuz 1 na mwavuli ukakataa kufunguka.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Soyuz 11. Juni 30, 1971, Georgi Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikuwa wanarudi baada ya siku 23, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia, wakiwa wa kwanza kuishi ndani ya kituo cha anga, Salyut 1. Chombo kilishuka salama kabisa nyika za Kazakhstan, mwavuli ukafunguka, kila kitu kama kilivyopangwa. Waokoaji wakafungua mlango wakawakuta vitini wamekufa. Kilomita 168 juu, sehemu za chombo zilipoachana, kilango kidogo cha hewa kilifunguka kabla ya wakati na pumzi yote ikatoka. Hawakuvaa mavazi ya kujikinga kwa sababu watu watatu wenye mavazi hayo hawakuenea mle ndani. Ndio watu pekee waliokufa wakiwa anga za juu zenyewe. Tangu hapo hakuna anayerudi na Soyuz bila vazi, na kwa miaka kadhaa chombo kile kilibeba wawili tu.

Challenger, mojawapo ya vyombo vya Wamarekani vyenye mabawa, Januari 1986, inaipinga hoja yangu: ilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa wakipanda. Columbia, ya aina hiyohiyo, Februari 1, 2003, iliumia wakati wa kupanda, povu la kukinga tangi lilipobanduka na kugonga bawa, lakini iliua wakati wa kushuka, siku 16 baadaye. Wamarekani walistaafisha vyombo vile vyenye mabawa mwaka 2011 baada ya safari 135. Kwa miaka tisa iliyofuata walinunua viti kwa Warusi, mpaka kampuni ya SpaceX ilipowarusha wanaanga wawili Mei 2020. Kapsuli yake hushuka kwa ngao na miavuli, ikatua majini kama ya Glenn.

China iliingia Oktoba 15, 2003. Yang Liwei alikaa angani saa 21, akatua Mongolia ya Ndani mdomo ukiwa unavuja damu kwa kishindo. Na hapa pwani yetu inarudi kwenye hadithi. NASA ilikuwa imeanza mwaka 1983 kuweka setilaiti za kupokezana mawasiliano, lakini Wachina wakati ule walihitaji masikio ya ardhini kama Glenn alivyoyahitaji. Mwaka 2005 waliweka kituo Malindi, mahali ambapo Waitaliano walikuwa na kambi yao ya San Marco tangu miaka ya 1960, kikafanya kazi kwenye safari ya Shenzhou 6 iliyobeba watu wawili.

Unguja walikifukuza kituo, Kenya ikakikaribisha, na hakuna hata mmoja aliyepata mwanaanga. Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alikwenda mwaka 2002 kwa fedha zake mwenyewe. Falme za Kiarabu, ambazo hazina roketi ya kubeba mtu, zilisomesha vijana wao na kujipatia nafasi: Hazzaa Al Mansoori alikwenda mwaka 2019, na Sultan Al Neyadi akakaa miezi sita mwaka 2023. Walikuwa na fedha, ni kweli. Sisi tuna ardhi iliyo karibu na ikweta na inayotazama bahari, nayo imekuwa ikitafutwa na mataifa haya tangu enzi za Gagarin. Kenya na Italia zilitia saini makubaliano mapya ya Malindi mwaka 2016. Yatakapokaa tena mezani, kodi ya ardhi ijadiliwe mwisho. Kwanza zidaiwe nafasi za wahandisi Wakenya kwenye vyumba vya kuongozea safari, na baada ya hapo kiti kimoja ndani ya chombo.