Nyumba za wakfu na mtihani wake katika Mji wa Kale, Mombasa

MPITA njia wa Ndia Kuu au Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hawezi kuitambua nyumba ya wakfu kwa kuitazama. Katika vijiji vya Uingereza, nyumba za kuwasitiri wazee maskini zilijengwa makusudi, safu ya vijumba vinavyofanana. Mombasa, nyumba ya kawaida iligeuka kuwa ya sadaka kwa tamko la mwenyewe.

Wakfu ni mali ambayo Mwislamu huifunga daima isiuzwe, isitolewe zawadi wala kurithiwa, yakatumika manufaa yake tu. Upo wakfu wa kheri, unaohudumia msikiti, madrasa au maskini. Na upo wa jamaa, ambao huwafaa kwanza watoto na wajukuu, kisha maskini pindi kizazi kinapokatika. Nyumba ya wakfu huweza kukaliwa na wahitaji wenyewe, au ikapangishwa na kodi yake ikapelekwa ilikokusudiwa.

Mwaka 1900 utawala wa Kiingereza ulitunga sheria ya kuweka makamishna wa wakfu. Hata hivyo, mahakama za Afrika Mashariki zilifuata uamuzi uliotolewa London mwaka 1894, katika kesi ya kutoka India, kwamba wakfu wa jamaa ni batili ikiwa fungu la maskini ni la mbali mno. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1951 ndiyo iliyouhalalisha, mradi mwisho wake uwe ni maskini au jambo jingine la kheri la kudumu.

Kuta za nyumba kongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi. Paa likivuja, boriti huoza, na sakafu ya juu huporomoka. Saruji nayo si dawa: huzuia unyevu na chumvi visitoke ukutani, na lipu ikabanduka. Isitoshe, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na haifai kubomoa au kubadili jengo bila idhini.

Hapo ndipo penye mtihani. Kodi ndogo humsitiri mjane, lakini hailipi fundi wala chokaa. Ikipandishwa hadi bei ya soko, nyumba itasimama, ila aliyekusudiwa atahama. Mafakihi walilitambua jambo hili tangu zamani, wakaagiza pato la wakfu litengeneze kwanza wakfu wenyewe, ndipo wanufaika wagawiwe kinachosalia. Msimamizi anayegawa kodi yote leo na kuliacha paa livuje huwanyima haki maskini wa kesho, ambao nao wamo katika nia ya aliyeitoa nyumba.