Ugunduzi, Uvumbuzi na Wosia wa Nobel: Tuzo ya Fizikia ya 1912

Mwaka 1912 Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi ilimtunuku Gustaf Dalén Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Dalén hakuasisi nadharia yoyote. Alikuwa mhandisi aliyebuni vidhibiti vya taa za minara na maboya ya baharini, ikiwemo vali ya jua. Mchana, fimbo nyeusi ya vali hiyo hufyonza mwanga, hupata joto, hurefuka na kuifunga gesi ya asetilini; giza linapoingia hunywea, na taa huwaka bila mlinzi. Wakati huo Max Planck, aliyeweka msingi wa nadharia ya kwanta mwaka 1900, alikuwa hajatuzwa. Alipata tuzo ya 1918. Kwa wakosoaji, ulinganisho huo unatosha kuuhukumu uamuzi wa 1912 kuwa kosa.

Hukumu hiyo haizingatii lugha ya wosia wenyewe. Wosia aliousaini Alfred Nobel tarehe 27 Novemba 1895 ulielekeza tuzo kwa waliowaletea wanadamu manufaa makubwa zaidi. Katika fizikia ulitaja ugunduzi au uvumbuzi. Katika kemia, ugunduzi au uboreshaji. Katika fiziolojia au tiba, ugunduzi pekee. Ni vigumu kuziona tofauti hizo kuwa za bahati nasibu, hasa kwa mtu aliyevumbua baruti kali ya dainamaiti. Kwa kigezo cha wosia, Dalén alistahili kushindanishwa. Iwapo alimzidi Planck ni swali jingine.

Upo upinzani wenye uzito. Mvumbuzi hulindwa na hataza na hulipwa na soko, ilhali mwananadharia hana cha kuuza. Hata hivyo, hoja hiyo hudhani kwamba maarifa na chombo hutengana. Tuzo ya 2014 ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, kwa diodi zitoazo mwanga wa buluu, yaonyesha vinginevyo: ililazimu kwanza kujifunza kukuza fuwele bora za galiamu nitridi, kazi iliyowashinda wengi. Chombo na maarifa vilizaliwa pamoja. Kwa upande mwingine, diodi ya mwanga mwekundu ya Nick Holonyak ya mwaka 1962 haikutuzwa. Manufaa pekee, basi, hayajawahi kutosha.

Funzo kwa watunga sera ni la kiistilahi. Katika Kiswahili, neno uvumbuzi hutumika kwa kubuni kisichokuwapo na pia kwa kubaini kilichokuwapo. Kanuni za tuzo zikiandikwa kwa neno hilo bila fasili, kila mjumbe wa kamati ataamua kwa mazoea ya taaluma yake, na fundi aliyebuni pampu atashindwa kabla kazi yake haijasomwa. Nobel alitenganisha maneno yake, na bado wafasiri wake wamebishana kwa zaidi ya karne. Kanuni zisizoyatenganisha zitazaa mabishano makubwa zaidi.