Sindano ya Joto: Kutoka Mvuke wa 1912 Hadi Barabara ya Vitshumbi

Muniruhusu leo niache historia ya wafalme na mikataba, nizungumze historia ya kitu kidogo: ile sindano ya joto mbele ya dereva.

Munajua Vitshumbi. Ni mji wa wavuvi kwenye ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert. Kwa kuwa ni hifadhi, watu hawaruhusiwi kulima. Unga na mihogo vinaingia kwa barabara, samaki wanatoka kwa barabara. Gari ikikufa, mji unasikia njaa. Mimi mwenyewe minervali yangu ya chuo ililipwa na tilapia ambazo mama alikuwa anapeleka Goma.

Kabla vita haijarudi Rutshuru mwaka 2022, siku moja niliendesha mwenyewe. Nyuma kulikuwa masanduku ya samaki na barafu, pembeni yangu mama. Tulipopita Rwindi, sindano ikapanda karibu na nyekundu. Nikaogopa. Mara ikashuka, nikafurahi. Ikapanda tena, ikashuka tena. Nikamwambia mama: «Ni waya tu, sindano inadanganya.» Kusimama katikati ya hifadhi sikutaka, kila mtu wa kwetu anajua sababu. Mwenye diploma njo alisema hivyo!

Kiwanja, mekanisie mmoja alitusikiliza, akakataa kufungua kifuniko cha radiatere mpaka motere ipoe. Kufungua motere ikiwa moto, maji yanaruka na kuunguza uso. Tulingoja karibu saa nzima, barafu inayeyuka. Alipofungua, radiatere ilimeza zaidi ya litre 4. Akaniambia: «Papa, hiyi sindano haidanganye. Weye njo unaisoma mubaya.»

Maneno hayo yalinirudisha kwenye historia. Gari za kwanza hazikuwa na sindano hiyo. Ford T, iliyotoka mwaka 1908, kwa miaka mingi ilizungusha maji bila pompe: maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka. Dereva alijua motere imechemka akiona mvuke. Mwaka 1912 Marekani ikaleta Boyce Moto-Meter, kipimo kilichokaa juu ya kifuniko cha radiatere, nje kabisa, dereva akikisoma kupitia kioo. Kilipima joto la mvuke na hewa juu ya maji, hakikugusa maji yenyewe. Baadaye radiatere zikafichwa chini ya boneti, sindano ikahamia mbele ya dereva, na sonda yake ikatiwa ndani ya maji ya motere.

Hapo tulipata faida na tukapata mtego. Sonda inasema kweli ikiwa imezama. Maji yakipungua, inabaki kwenye hewa, na hewa haipitishi joto kama maji: sindano inashuka wakati motere inaungua. Maji ya moto au mvuke vikiipiga tena, inapanda. Ule mchezo wa kupanda na kushuka niliouita uongo ulikuwa kilio.

Mekanisie alienda hatua kwa hatua. Kwanza kiasi cha maji. Pili, yametokea wapi: kolie ya tiyo ya chini ilikuwa imelegea. Tatu, kifuniko: kaucho yake imekwisha. Hii ni kubwa kwetu watu wa milima. Goma iko kwenye metre 1500 hivi, maji ya wazi yanachemka kwa digrii 95 tu, na termostati nyingi zinaanza kufunguka kati ya 82 na 88. Kifuniko kizima kinabana maji yasichemke mpaka yapite digrii 115. Kikichoka, nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Nne, alitoa hewa: gari pua juu kwenye mwinuko, kifuniko wazi kabla motere haijapata moto, motere inazunguka polepole, anaminya tiyo mpaka mapovu yaishe. Akasema kama mapovu yangeendelea bila mwisho, tungeshuku joenti ya kichwa cha motere. Tano, alishika tiyo ya juu: ilikuwa baridi, halafu gafula ikapata moto. Termostati imefunguka, ni nzima. Waya wa sonda aliugusa mwisho kabisa, pale mimi nilipotaka kuanzia.

Tulifika Goma usiku. Masanduku mawili yalikuwa yameharibika, mama akauza mengine kwa hasara. Hakunigombeza. Aliuliza tu: «Kwa chuo, bakufundisha kusoma nini?»

Swali lile sijalijibu vizuri mpaka leo. Ila tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kuwasha gari nafungua kifuniko, motere ikiwa baridi, naangalia maji kwa macho yangu. Na sindano ikishuka gafula bila sababu, sifurahi tena. Nazima gari.