Heshima Iliyoshonwa kwa Uzi

 

Wengi wetu tumewahi kuwaona wazee waliopigana Burma katika jeshi la K.A.R., wakija kanisani Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Koti limechakaa, lakini nishani zimepangwa kifuani upande wa kushoto, nazo zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Leo nataka tutazame jambo dogo ambalo watu hawalifikirii sana. Vitu vile vilishikamanaje na nguo ya askari? Tena, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuvibandua?

Tuanze Marekani, wakati wa vita vya kujitawala. Jemadari George Washington alikuwa na askari waliostahili kupandishwa cheo, lakini fedha hazikuwapo. Basi tarehe 7 Agosti 1782 alitoa amri. Askari wa kawaida atakayetenda jambo la pekee la ushujaa ashonewe kifuani, upande wa kushoto, kitambaa cha zambarau chenye umbo la moyo. Na aliyetumika kwa uaminifu zaidi ya miaka mitatu ashonewe tepe moja katika mkono wa kushoto wa koti; zaidi ya miaka sita, tepe mbili. Hapakuwa na dhahabu wala fedha pale, ni kitambaa, sindano na uzi tu. Wanaojulikana kupewa moyo ule wa kitambaa ni watatu, wote masajini. Halafu desturi ile ikasahauliwa mpaka mwaka 1932, ilipofufuliwa kwa nishani ya chuma inayoning'inia katika utepe wa zambarau.

Waingereza nao, baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, walitoa nishani ya fedha kwa kila askari aliyekuwako, mkubwa kwa mdogo, nishani ya namna moja. Jina la mwenyewe lilipigwa chapa kwenye ukingo wake. Lakini kishikizo na pete yake vilikuwa vya chuma cha kawaida, navyo vikashika kutu. Askari wengi walitoa fedha zao wenyewe wakatengenezewa vingine, ili nishani isianguke njiani. Tarehe 26 Juni 1857, Malkia Victoria aliwapa watu 62 Msalaba wa Victoria huko Hyde Park, London. Aliwabandika kwa pini huku yeye ameketi juu ya farasi. Husimuliwa kwamba pini ya kwanza ilipenya nguo ikamchoma mwenyewe kifuani, naye akasimama kimya asitikisike.

Sasa, msikilizaji, kinachoshonwa chaweza kufumuliwa. Twende Ufaransa.

Mwaka 1894 kapteni mmoja Myahudi, Alfred Dreyfus, alishitakiwa kwamba aliwauzia Wajerumani siri za jeshi. Alihukumiwa mwezi wa Desemba kwa ushahidi dhaifu, na majaji walionyeshwa karatasi za siri ambazo yeye na wakili wake hawakuziona. Tarehe 5 Januari 1895 aliletwa katika uwanja wa chuo cha kijeshi, Paris, mbele ya majeshi yaliyopangwa mstari. Askari mmoja mrefu akamwendea, akamng'oa alama za cheo katika kofia na mikono ya koti, na vifungo, na kanda nyekundu za suruali. Kisha akautwaa upanga wake akauvunja gotini. Dreyfus alipaza sauti akisema kwamba hana hatia. Watu waliokuwa nje ya uzio walipiga kelele za kumlaani.

Lakini liko jambo ambalo umati ule haukuliona. Nyuzi zilikuwa zimelegezwa mapema, zikaachwa chache tu, ili kila kitu kitoke kwa mvuto mmoja. Upanga nao ulikuwa umekatwa kwa tupa kabla, ili uvunjike upesi. Wenye nguvu walikuwa wameitengeneza aibu ile kama fundi anavyotengeneza nguo.

Pale uwanjani alikuwapo afisa mwingine, Georges Picquart. Huyu hakuwapenda Wayahudi. Lakini mwaka 1896 aliona kwamba mwandiko uliomtia Dreyfus hatiani ulikuwa wa mtu mwingine, afisa aitwaye Esterhazy. Wakubwa wake walimtaka anyamaze. Hakunyamaza. Alihamishwa mbali mpaka Tunisia, na baadaye akatiwa gerezani. Ilipofika tarehe 12 Julai 1906 ndipo mahakama kuu ilipoifuta hukumu ya Dreyfus kabisa. Siku chache baadaye, katika chuo kile kile, alibandikwa kifuani nishani ya heshima ya Ufaransa. Miaka karibu kumi na miwili ilikuwa imepita, na zaidi ya minne kati yake aliimaliza peke yake kifungoni katika Kisiwa cha Ibilisi.

Ndugu zangu, someni tena habari za Yusufu katika kitabu cha Mwanzo. Ndugu zake walimvua kanzu yake. Mke wa Potifa alilishika vazi lake, akalifanya ushahidi wa uongo. Mara mbili nguo ilisema uongo juu ya mtu mwema, na Bwana alikuwa pamoja naye hata gerezani, kabla Farao hajamvika kitani safi na pete.

Lakini leo sitaki tumfikirie Yusufu peke yake. Namfikiria yule mnyweshaji aliyetoka gerezani akamsahau miaka miwili mizima. Kijijini mwako, au katika baraza ya kanisa lako, huenda yuko mtu aliyevuliwa heshima yake mbele ya watu, labda mweka hazina, labda mwalimu, labda mjane. Na huenda wewe wajua kwamba nyuzi zilikuwa zimelegezwa kabla. Hata kama humpendi mtu huyo, nenda ukaseme unalolijua. Usingoje miaka miwili.

Bwana atupe ujasiri huo. Kwaherini.