Kipimo cha usingizi na ugonjwa wa malale

Kipimo cha usingizi, au polisomnografia, hurekodi kwa pamoja mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho, kukaza kwa misuli, pumzi na mapigo ya moyo mtu akiwa amelala. Elektrodi hubandikwa kichwani, kando ya macho, kidevuni na miguuni. Kinachorekodiwa husomwa kwa vipande vya sekunde 30. Kwa mtu mzima, pumzi ikikatika au kufifia kwa sekunde 10 au zaidi, mara 30 au zaidi kila saa, hiyo ni apnia kali.

Kipimo hiki kimetumika pia kuchunguza malale, ugonjwa unaovuruga usingizi. Merikit, kaunti ndogo ya Wilaya ya Tororo nchini Uganda, imo katika ukanda wa malale unaovuka mpaka hadi Busia ya Kenya, ambako Alupe palikuwa na hospitali ya ugonjwa huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mlipuko ulioanzia Busoga ulifika Tororo. Kimelea chake, Trypanosoma brucei rhodesiense, huenezwa na mbung'o na hujificha ndani ya ng'ombe, ambaye aghalabu huonekana mzima.

Jina la malale linapotosha. Mgonjwa husinzia saa saba mchana chakula kikiwa mkononi, kisha usiku hana hata lepe la usingizi. Mfaransa Alain Buguet na wenzake waliwarekodi wagonjwa kwa saa 24 mfululizo, hasa wa aina ya gambiense ya Afrika Magharibi na ya Kati. Waligundua kwamba jumla ya saa za kulala haikuongezeka. Zilitawanyika tu mchana na usiku. Tena, usingizi wa ndoto, ambao kwa kawaida huja baada ya dakika 90 hivi, mara nyingi ulianza punde tu mgonjwa alipopitiwa na usingizi. Dalili hii hujitokeza ugonjwa unapoingia ubongoni, na hupungua baada ya tiba.

Hata hivyo, usingizi wa ndoto kuwahi hivyo huonekana pia katika nakolepsi, ugonjwa mwingine wa usingizi, na hakuna wimbi la ubongo linalotaja jina la kimelea. Darubini ndiyo huamua: damu hupimwa kwanza, kisha maji ya uti wa mgongo. Vimelea vikionekana humo, au chembe nyeupe zikizidi 5 kwa mikrolita, ugonjwa huhesabiwa kuwa katika hatua ya pili.