Bansko

Bansko ni mji wa kusini-magharibi mwa Bulgaria, chini ya milima ya Pirin. Hifadhi ya Taifa ya Pirin ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1983. Watalii huja kuteleza kwenye theluji na kuoga katika chemchemi za maji moto za Banya na Dobrinishte zilizo jirani. Kufunguliwa kwa gondola (lifti ya kebo ya kuwapandisha watelezaji mlimani) mwaka 2003, pamoja na matarajio ya kujiunga na Umoja wa Ulaya yaliyotimia 2007, kulichochea ujenzi wa fleti zilizonunuliwa na wageni, wakiwemo Waingereza na Warusi. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulishusha bei za fleti hizo. Siku hizi unafuu wa gharama za mji huo huwavuta wanaofanya kazi kupitia intaneti, ingawa ada za matunzo ya majengo hupunguza faida ya wapangishaji.